Somo la Sita: Sumu ya Neva, Ubongo na Mishipa Yake ya Damu



Katika masomo yaliyotangulia tulieleza namna ya kusoma lebo ya bidhaa yenye kemikali na namna ya kuihifadhi nyumbani. Somo hili linakwenda hatua moja mbele. Tunakusudia kueleza jinsi jamii moja ya sumu, iitwayo sumu ya neva, inavyoingia mwilini, inavyovuruga ubongo, na inavyoathiri mishipa ya damu inayoulisha ubongo huo. Baada ya kulisoma, mtumiaji atafahamu kwa nini tunasisitiza mambo ambayo huenda yalionekana madogo: chupa yenye lebo, kabati lenye kufuli, glavu, sabuni na maji.

Huenda msomaji akauliza: sumu ya neva si silaha ya vita? Inamhusu nini mkulima wa nyanya au mama anayenunua dawa ya kunguni sokoni? Jibu la swali hilo ndilo mwanzo wa somo letu.

1. Ukoo mmoja, matumizi mawili

Mwaka 1936 mwanakemia wa Ujerumani, Gerhard Schrader, alikuwa akitafuta dawa mpya ya kuua wadudu waharibifu wa mazao. Miongoni mwa michanganyiko aliyotengeneza ilikuwamo tabuni, ambayo ilidhihirika kuwa na ukali usiofaa kwa shamba lolote. Miaka miwili baadaye ikafuata sarini. Jeshi la nchi hiyo lilizichukua kemikali hizo kuwa silaha. Schrader na wenzake waliendelea na kazi ya kutafuta dawa za kilimo, na baadhi ya viuatilifu vilivyoenea duniani baada ya Vita Kuu ya Pili vilitokana na utafiti huo.

Kemikali za ukoo huu huitwa oganofosfeti. Ndani yake zimo sarini na tabuni, ambazo Mkataba wa Silaha za Kemikali ulioanza kutumika mwaka 1997 umezipiga marufuku. Zimo pia malathioni, klorpirifosi, diazinoni na pirimifosi-methili, ambazo msomaji anaweza kuziona zimeandikwa katika lebo za dawa za shambani au za kuhifadhia nafaka. Hatusemi kwamba unga wa kuhifadhia mahindi ni sawa na silaha ya vita. Tofauti ya ukali kati yao ni kubwa mno, na ndiyo sababu baadhi huruhusiwa kuuzwa. Tunachosema ni kwamba njia ya madhara ni moja. Kiasi kikubwa cha dawa ya shamba kikimwingia mtu, mwili wake huumia kwa utaratibu ule ule.

2. Mjumbe asiyeondoka mlangoni

Neva huwasiliana zenyewe kwa zenyewe, na huwasiliana na misuli na tezi, kwa kutumia kemikali za ujumbe. Mojawapo ni asetilikolini. Neva ikitaka msuli ukaze, humwaga asetilikolini kidogo katika nafasi nyembamba iliyopo kati yake na msuli. Ujumbe ukishapokelewa, kimeng'enya kiitwacho asetilikolinesterasi huivunja asetilikolini hiyo mara moja, na msuli hulegea ukisubiri ujumbe mwingine. Kazi yote hufanyika katika sehemu ndogo sana ya sekunde.

Sumu ya neva hujibandika kwenye kimeng'enya hicho na kukizuia kisifanye kazi. Asetilikolini hubaki pale ilipomwagwa, ikizidi kujikusanya na kuendelea kutoa ujumbe ule ule. Ni kama mjumbe aliyekwisha kupokelewa lakini akakataa kuondoka mlangoni, akaendelea kubisha hodi usiku kucha, na nyuma yake wakapanga foleni wajumbe wengine. Tezi hutoa mate, machozi, jasho na ute bila kikomo. Misuli hutetemeka, kisha huchoka na kupooza. Mapafu hujaa ute, ilhali misuli ya kuvutia pumzi inakosa nguvu.

3. Yatokeayo ndani ya ubongo

Ubongo nao hutumia asetilikolini kwa kazi nyingi: kukaa macho, kuzingatia, kukumbuka, na kuongoza upumuaji. Kwa hiyo sumu inapofika huko, madhara huwa ya aina kadhaa kwa pamoja.

La kwanza ni kuvurugika kwa kitovu cha upumuaji kilichopo chini ya ubongo. Mgonjwa anaweza kuacha kuvuta pumzi hata kabla misuli ya kifua haijapooza kabisa. Wengi wanaokufa kwa sumu hii hufa kwa kukosa pumzi.

La pili ni degedege. Asetilikolini iliyozidi huchochea seli za ubongo zifanye kazi kwa pamoja bila mpangilio. Degedege ikishaanza, kemikali nyingine ya ujumbe, glutameti, huingia kati kwa wingi na kuiendeleza. Hapa pana jambo ambalo kila mtoa huduma anapaswa kulijua: kadiri degedege inavyoendelea, ndivyo inavyozidi kuwa ngumu kuizima, hata sumu iliyoianzisha ikishughulikiwa. Glutameti ikizidi huruhusu madini ya kalsiamu kuingia kwa wingi ndani ya seli za ubongo, na seli hizo huanza kufa. Sehemu inayoumia kwa urahisi ni hipokampasi, iliyo muhimu kwa kuhifadhi kumbukumbu mpya. Ndiyo maana baadhi ya waliopona hulalamika baadaye kwamba wamekuwa wasahaulifu, hawawezi kuzingatia jambo kwa muda mrefu, au hawapati usingizi mzuri.

4. Mishipa ya damu ya ubongo

Ubongo ni takriban asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya oksijeni yote ya mwili uliopumzika. Hauna ghala la kuwekea akiba ya oksijeni. Damu ikikatika, mtu hupoteza fahamu katika sekunde chache, na baada ya dakika chache seli huanza kufa. Kwa sababu hiyo, lolote linaloigusa mishipa ya damu ya ubongo huugusa ubongo wenyewe.

Sumu ya neva huishambulia mishipa hiyo kwa njia tatu.

Njia ya kwanza ni kuvuruga mizani ya mahitaji na ugavi. Wakati wa degedege, seli za ubongo hufanya kazi kupita kiasi na kudai oksijeni na sukari nyingi. Mishipa hutanuka ili kupitisha damu zaidi. Katika degedege ya kawaida ya muda mfupi, ubongo huweza kujikimu hivyo. Lakini kwa aliyepata sumu, mapafu yamejaa ute, misuli ya kupumua imelegea, na mapigo ya moyo huenda yamepungua. Damu inafika ubongoni, ila haina oksijeni ya kutosha. Shida inakuwa kama ya mji ambao mabomba yamefunguliwa yote ilhali tangi ni tupu.

Njia ya pili inahusu utando wa ndani wa mishipa. Mwaka 1980 Robert Furchgott na mwenzake John Zawadzki walionyesha kwamba asetilikolini hulegeza mshipa wa damu iwapo tu utando wake wa ndani ni mzima. Baadaye ilibainika kuwa utando huo hutoa gesi ya nitriki oksaidi, ambayo ndiyo hulegeza msuli wa mshipa. Furchgott alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1998 pamoja na Louis Ignarro na Ferid Murad kwa sababu ya uvumbuzi huo. Utando ukiwa umejeruhiwa, asetilikolini ile ile huweza kuubana mshipa badala ya kuutanua. Kwa hiyo sumu inayoacha asetilikolini izagae huigusa moja kwa moja mitambo inayopanga kiasi cha damu kinachopita. Shinikizo la damu la mgonjwa linaweza kupanda kwanza kisha likaanguka, na linapoanguka, ubongo uliokwisha kudhoofika hupata pigo jingine.

Njia ya tatu ni kubomoka kwa ukuta wa ulinzi kati ya damu na ubongo. Mishipa midogo ya ubongo haifanani na ya viungo vingine. Seli za utando wake zimeunganishwa kwa kubana sana, zikawa kama boma linaloamua kipi kiingie na kipi kibaki nje. Sumu nyingi za neva huyeyuka katika mafuta, hivyo hupenya boma hilo bila shida. Majaribio ya wanyama waliopewa sumu kali ya neva yameonyesha kwamba degedege ikirefuka, boma lenyewe huanza kuvuja. Maji na protini za damu hupenya na kuingia katika nyama ya ubongo. Ubongo huvimba ndani ya fuvu lisilotanuka, shinikizo hupanda, na mishipa ya damu hubanwa kutoka nje. Damu hupungua, seli nyingine hufa, na uvimbe huongezeka. Mduara huu ndio madaktari hupigania kuukata mapema.

Boma hilo hilo lina upande wake wa pili. Baadhi ya dawa za kuokoa maisha haziwezi kulipita kwa urahisi, kama tutakavyoona katika sehemu ya tiba.

5. Funzo la Tokyo

Asubuhi ya tarehe 20 Machi 1995, watu wa kundi la kidini la Aum Shinrikyo waliachia sarini katika treni tano za chini ya ardhi mjini Tokyo, Japani. Watu zaidi ya 5,000 walitafuta matibabu. Hospitali moja iliyo karibu ilipokea zaidi ya wagonjwa 600 siku hiyo hiyo. Wengi wao walikuwa na macho yanayouma, mboni zilizosinyaa na kuona giza, wakapona.

Tukio lile lilitufundisha mambo mawili yanayohusu somo hili. Kwanza, baadhi ya wahudumu wa hospitali nao walipata dalili, kwa kuvuta mvuke uliotoka katika nguo za wagonjwa ambazo hazikuvuliwa mapema. Pili, madhara ya ubongo hayakuisha siku ile. Manusura mmoja, ambaye ubongo wake ulikosa oksijeni asubuhi ile, aliishi kitandani miaka 25 kabla ya kufariki mwaka 2020, akawa wa 14 katika orodha ya waliouawa. Picha za ubongo za baadhi ya manusura wengine, zilizopigwa miaka kadhaa baadaye, zilionyesha sehemu zilizopungua ujazo ukilinganisha na watu ambao hawakupata sumu.

6. Dalili ambazo kila kaya inapaswa kuzijua

Dalili huanza katika dakika chache sumu ikivutwa kwa pumzi. Ikiingia kwa ngozi au kumezwa, zinaweza kuchelewa kwa saa kadhaa. Zitazameni kwa mpangilio huu:

(a) Macho na pua: mboni ndogo kama ncha ya sindano, kuona ukungu, machozi, kamasi nyingi.
(b) Mdomo na tumbo: mate yanayotiririka, kichefuchefu, kutapika, tumbo kukata, kuharisha, kujikojolea.
(c) Kifua: kubanwa, kukohoa, kukoroma kwa ute, kupumua kwa shida.
(d) Misuli: kuchezacheza chini ya ngozi, kutetemeka, kisha kulegea.
(e) Ubongo: kichwa kuuma, kizunguzungu, wasiwasi, kuchanganyikiwa, degedege, kupoteza fahamu.

Mtoto mdogo huweza kuonyesha usingizi mzito, kulegea au degedege kabla ya dalili nyingine. Mzazi asidhani upesi kuwa ni malaria pekee iwapo ndani ya nyumba kulipuliziwa dawa siku hiyo.

Tunaongeza onyo moja. Siku moja hadi nne baada ya kupata sumu, mgonjwa akiwa tayari ameonekana kupata nafuu, shingo na misuli ya kupumua inaweza kudhoofika ghafla. Hali hii ilielezwa na madaktari wa Sri Lanka mwaka 1987. Asiyeweza kuinua kichwa kutoka kwenye mto arudishwe hospitali bila kuchelewa, hata kama aliruhusiwa jana.

7. Tiba, na kwa nini saa ni mali

Hospitalini, kazi ya kwanza ni kumwezesha mgonjwa apumue. Kisha hupewa atropini, ambayo huziba milango inayopokea asetilikolini katika tezi, mapafu na moyo. Huongezwa kidogo kidogo hadi kifua kikauke. Atropini hupenya boma la ubongo. Dawa ya pili, kama pralidoksimu, hujaribu kuing'oa sumu kutoka kwenye kimeng'enya. Dawa hii hupenya boma la ubongo kwa shida, na hufaa zaidi ikitolewa mapema, kwa sababu baada ya muda kifungo cha sumu na kimeng'enya hukomaa kisiweze kufunguliwa tena. Kwa sumu za kivita muda huo huweza kuwa dakika chache au saa kadhaa, kutegemea aina. Dawa ya tatu ni diazepamu au ya jamii yake, ya kuzima degedege na hivyo kuunusuru ubongo na mishipa yake.

Kimeng'enya hicho hupatikana pia katika chembe nyekundu za damu. Hospitali zenye maabara inayofaa huweza kupima kiwango chake. Chembe nyekundu huishi takriban siku 120, kwa hiyo kiwango kilichoshuka huchukua wiki au miezi kurejea. Mpuliziaji wa dawa anayerudi kazini wiki ijayo akiwa na kiwango cha chini anahitaji sumu kidogo tu ili aanguke.

8. Chupa ya mafuta

Mwezi Julai 2013, katika kijiji kimoja cha jimbo la Bihar nchini India, watoto walikula wali na mboga shuleni. Watoto 23 walifariki. Uchunguzi wa maabara ulikuta kiuatilifu cha monokrotofosi, cha ukoo huu wa oganofosfeti, katika mafuta yaliyopikiwa chakula kile na katika chombo cha mafuta hayo.

Tunautaja msiba huo kwa sababu haukuhitaji vita wala mhalifu mwenye maabara. Ulihitaji chombo kimoja tu kilichowahi kuwa na sumu. Katika masoko yetu dawa za wadudu bado humiminwa katika chupa za soda na za maji ya kunywa, zikauzwa bila lebo. Anayenunua chupa hiyo hajui jina la dawa, hajui kiasi, na siku ya ajali hatakuwa na la kumwonyesha daktari.

9. Wajibu wa mnunuzi na mtumiaji

Tunashauri yafuatayo:

1. Nunua kiuatilifu kwenye duka la pembejeo linalotambulika, kikiwa katika chombo chake cha asili kilichofungwa, chenye lebo na namba ya usajili. Tanzania, usajili huo hutolewa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu.

2. Tazama ukanda wa rangi chini ya lebo. Nyekundu ni sumu kali sana, njano ni kali, buluu ni ya wastani, kijani ni ya ukali mdogo. Rangi ya kijani haimaanishi kuwa dawa inalika.

3. Usitumie dawa ya shamba kuulia kunguni, chawa au viroboto, wala usiipake kichwani au mwilini mwa mtoto.

4. Vaa glavu zisizopitisha maji, shati la mikono mirefu, buti na barakoa kama lebo inavyoelekeza. Usipulizie ukielekea upepo unakotoka. Oga kwa sabuni mara umalizapo, na ufue nguo hizo peke yake.

5. Heshimu siku za kusubiri zilizoandikwa kati ya kupulizia na kuvuna. Anayevuna nyanya kesho yake humuuzia jirani sumu.

6. Hifadhi dawa mbali na chakula, ndani ya kabati lenye kufuli. Kufuli humlinda mtoto mdadisi, na humlinda pia mtu mzima aliyezidiwa na majonzi katika saa yake mbaya.

7. Usitumie tena chombo cha dawa kwa maji, mafuta au maziwa. Kisuuze mara tatu, mimina maji hayo katika bomba la kupulizia, kisha kitoboe na ukirudishe panapokusanywa.

10. Huduma ya kwanza

Mwondoe mgonjwa mahali penye sumu, umpeleke penye hewa safi, lakini usijitose bila kujikinga. Ukiwa na glavu, au mifuko ya plastiki mikononi, mvue nguo zilizolowa na uziweke katika mfuko uliofungwa. Mwoshe ngozi na nywele kwa sabuni na maji mengi. Macho yaoshwe kwa maji safi kwa dakika 15. Mlaze kwa ubavu wa kushoto ili mate na matapishi yatoke nje. Akipata degedege, usimtie kitu mdomoni.

Usimtapishe. Viuatilifu vingi vya maji vimechanganywa na vimiminika vya jamii ya petroli, na vikipanda kooni huingia mapafuni. Usimpe maziwa, mafuta wala chumvi. Hakuna kati ya hivyo kinachoiondoa sumu kwenye kimeng'enya, na kila kimoja hupoteza muda. Mfikishe hospitali, na uchukue lebo ya dawa au picha yake kwenye simu.

Maswali ya kujipima

1. Asetilikolinesterasi hufanya kazi gani, na nini hutokea ikizuiwa?
2. Kwa nini degedege ya muda mrefu huufanya ubongo uvimbe?
3. Kwa nini mgonjwa avuliwe nguo kabla ya kuingizwa katika gari lililofungwa vioo?
4. Tazama nyumbani kwako leo: je, kuna chupa yoyote yenye dawa isiyo katika chombo chake cha asili? Utaifanyia nini kabla jua halijatua?

Swali la nne ndilo tunalotamani kila msomaji alijibu kwa vitendo. Asiyejua pa kuipeleka dawa isiyo na lebo asiimwage chooni, mtoni wala kisimani. Aiweke mbali na watoto, kisha amwulize afisa ugani au afisa afya wa eneo lake.